Chupa ya Msabaha

Mtaani Dunda, mikono ya Adija binti Mbaruku ilijulikana kwa ukili. Alisuka tangu hajaolewa, akasuka akiwa na mimba ya Zaina, akasuka ndani ya eda ya mumewe Mwinyimvua, na aliyetaka mkeka wa kumlazia bibi harusi alimwendea yeye kwanza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mazoea ya kushika jambo moja mpaka liishe. Lakini mwaka ule, vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha na nguo zimeanza kupatikana tena madukani, miaa ya ukindu ilimkaukia pembeni mwa ukuta. Mikono yake ilikuwa ikiosha chupa.

Zaina, mtoto wake wa pekee, alijifungua mvulana jua likichomoza, wakamwita Msabaha. Kitovu cha mtoto hakijakauka, homa ya uzazi ikamchukua mama. Mtoto akabaki na bibi wawili. Mmoja Adija. Wa pili Mwaija, mamaye Dadi, baba wa mtoto, ambaye kazi yake ya bandarini Dar es Salaam haikumpa nafasi ya kukaa. Huyo Mwaija alikuwa pia dada wa marehemu Mwinyimvua, kwani Zaina na Dadi walioana binamu kwa binamu. Alikuwa wifi wa Adija miaka mingi kabla hajawa mkwe wake, na ulimi wake ulibaki wa kiwifi. Matanga yalipoisha, Mwaija alirudi shambani kwake Kiwangwa. Adija akajifungia na mtoto.

Chupa aliileta Hija, mkunga wa zahanati, binti wa Pangani. Ilikuwa ya kioo kizito, na haikusimama kama chupa nyingine. Ililala juu ya tumbo lake, wazi huku na huku. Upande mmoja ulivikwa chuchu ya mpira, upande wa pili kizibo cha mpira chenye tundu dogo la kupitisha hewa. Pamoja nayo Hija alileta kopo la maziwa ya unga, akamwonyesha Adija namna ya kusawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu.

"Na chupa ichemke, mama. Hilo usilisahau hata siku moja. Dakika kumi."

"Saa sina, mwanangu."

Hija alifikiri. "Tasbihi unayo?"

"Tasbihi ninayo."

"Basi maji yakianza kutokota, vuta tasbihi polepole mpaka iishe yote. Ndipo uepue."

Kwa hiyo chupa ya Msabaha ikawa inachemka kwa tasbihi. Wanawake waliokuja kuchota moto kwa Adija walimkuta amechutama mbele ya mafiga, midomo ikicheza, macho mekundu kwa moshi, na hawakujua kama anamdhukuru Mungu au anahesabu chupa. Yeye mwenyewe, siku zilivyokwenda, hakujua tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Mtoto akiacha kunyonya, chupa isingoje; maziwa yakigandia kwenye kioo hayatoki. Aliisugua ndani kwa makumbi laini ya nazi aliyoyafunga kwenye kijiti. Chuchu aliigeuza nje ndani, akaisugua kwa chumvi kali ya mashimo ya Nunge mpaka utelezi uondoke, na chumvi ile iliingia katika nyufa za vidole ambazo miaka ya ukindu ilizifungua. Alitandika kitambaa ndani ya sufuria ili kioo kisigonge bati kikapasuka. Akapuliza kuni. Akavuta tasbihi. Alipomaliza, mtoto alikuwa karibu kuamka tena, na mara nyingi alikuwa ameamka.

Baada ya kuepua, kulikuwa na kazi moja zaidi, ambayo Hija hakuitaja na Adija hakuhitaji kutajiwa. Msabaha alikuwa mtoto wa kucheua. Maziwa yalimrudi, yakatiririka kidevuni na juu ya chupa, na matapishi ni najisi. Hilo Adija alifundishwa na mama yake kabla hajafundishwa kusuka. Kitu chenye najisi kikitiwa ndani ya maji machache, maji yote hunajisika pamoja na vilivyomo. Yachemke yatakavyo, tohara haiji kwa moto. Huja kwa maji safi yanayomiminwa juu ya kitu yakatiririka kwenda zake. Kwa hiyo aliitoa chupa sufuriani kwa kijiti, akainama kwenye mtungi, akachota kwa kata, akamimina mara tatu juu ya chupa, nje na ndani, na mara tatu juu ya chuchu. Hivyo ndivyo alivyosuuza maisha yake yote nguo na vyombo vya wagonjwa na vya watoto. Kisha akavilaza kwenye sinia, akavifunika kwa kawa, akakaa chini na kuegemea nguzo.

Masika ilipokaza, kisima cha mtaa kikajaa hata maji yakafikiwa kwa mkono. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila mtu aliyaacha mtungini yatuame, akanywa ya juu. Adija naye aliyaacha yatuame.

Msabaha akaanza kuharisha.

Mara ya kwanza alidhani ni tumbo la mtoto tu. Mara ya pili alidhani kopo limeharibika, akafungua jingine. Halafu akajilaumu kwamba anaharakisha tasbihi, kwa kuwa kweli usingizi ulimpitia akiivuta, akajikuta mwishoni asijue alivyofika. Akawa anaivuta mara mbili. Akaongeza chumvi, akaongeza kuni, na kwa hofu akaongeza hata maji ya kusuuzia; akamimina mpaka kata igonge chini ya mtungi. Mtoto alizidi kulegea. Kilio chake kilipungua sauti mpaka kikawa kama cha paka mdogo aliyefungiwa chumbani.

Habari ilifika Kiwangwa, na Mwaija akashuka na lori la mananasi siku ya Alhamisi, kikapu kichwani, kanga imelowa mvua.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, wifi."

Mwaija alitua kikapu, akamfunua mtoto, akamtazama. "Huyu ndiye mjukuu wangu, au umeazima mjusi ukutani?"

"Amekonda kidogo."

"Kidogo. Na wewe umenenepa kidogo, naona. Ulilala lini?"

"Nalala."

"Unalala ukiwa umesimama, kama punda wa Mwarabu." Alibonyeza utosi wa mtoto kwa kidole, taratibu, na utani ukamwisha usoni. Utosi ulikuwa umezama. "Tangu lini?"

"Tangu mvua hizi zilipozidi. Chupa naichemsha, wifi. Sikuacha hata mara moja."

"Sikusema umeacha." Mwaija aliketi kwenye kibao cha mbuzi, akanyoosha miguu. "Sikiliza. Tabia mwanangu ana maziwa mpaka yanamlowesha kanga. Kitoto chake cha kike kinanyonya titi moja, la pili linalia peke yake. Lori linarudi Kiwangwa Jumamosi asubuhi. Nitapanda na huyu."

Adija alikuwa akikunja kitambaa cha mtoto, akakikunjua, akakikunja tena.

"Akinyonya kwa Tabia atakuwa mtoto wa Tabia."

"Atakuwa mwanawe wa kunyonya, ndiyo. Na kile kitoto kitakuwa dada yake, basi tumeshapoteza harusi moja ya binamu. Tutakula pilau ya watu wengine."

Adija hakucheka.

"Zaina alikuwa mwanao," Mwaija akasema, sauti imeshuka. "Najua. Ndugu yangu alikufa akimtaja. Lakini hukumzika Zaina ili uje umzike na huyu."

Maneno hayo yalimpata Adija mahali ambapo hakuwa na ngao. Alitaka kusema kwamba nyumba hii bila mtoto itakuwa ukuta na paa, kwamba anapomnusa kichwani ananusa nywele za Zaina alipokuwa na siku kama hizi. Kulikuwa na jambo jingine alilolionea haya zaidi: ndani yake, chini ya huzuni, palikuwa na sauti ndogo iliyochoka iliyosema, mpe. Mpe, ulale.

"Mpaka Jumamosi basi," alisema. "Niachie mpaka Jumamosi."

Alasiri ile alimtuma jirani zahanati, na Hija akaja, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mama," alisema kwa kila mmoja.

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia.

Alimpima mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo, akatazama ulimi. Alisema maziwa yapumzishwe kidogo, mtoto apewe maji ya mchele uliochemka sana, kijiko baada ya kijiko, hata akiyakataa. Kisha akasema, "Sasa nionyeshe chupa, mama. Fanya yote, kama mimi sipo."

Adija akafanya. Hakuwa na nguvu ya kuona haya. Alisugua, akageuza chuchu, akatia chumvi, akatandika kitambaa, akapuliza moto ambao kuni mbichi zilikuwa zikiukataa. Mwaija alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, akitazama.

"Chupa hii inaogeshwa kuliko bibi harusi," alimwambia Hija. "Bado kupakwa singo na kufukizwa udi."

Hija alitabasamu, lakini macho yake hayakutoka mikononi mwa Adija. Tasbihi ikaisha. Adija akaepua, akaitoa chupa ikifuka mvuke, akangoja ipungue moto, akainama kwenye mtungi na kuchota. Maji yalipogusa kioo, Hija aliinua mkono kama mtu anayetaka kushika kitu kinachoanguka, halafu akaushusha. Akangoja mpaka Adija amimine mara ya tatu.

"Hayo ni maji ya wapi, mama?"

"Ya kisima."

"Umeyachemsha?"

Adija alimtazama asielewe. "Ya kutoharishia, nayachemshia nini? Mtoto anacheua, mwanangu. Chupa ina matapishi."

"Kila mara unafanya hivyo?"

"Kila mara."

Hija aliketi juu ya kizingiti chenye maji, asijali nguo yake. Mwaija akaacha kukuna.

"Kwetu Pangani," Hija akasema, "mama yangu angefanya hivi hivi. Nimemwona tangu utotoni. Na mimi nazunguka nyumba zote hizi nikisema chemsheni, chemsheni, na sijawahi kumuuliza mtu, ukishachemsha unafanya nini." Alifuta uso. "Maji ya kisima msimu huu ni machafu, mama. Yakituama uchafu wake hauonekani, lakini upo. Vijidudu tulivyoviua kwa moto, tunavirudisha kwa kata."

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka makutini, ikichimba vishimo katika mchanga wa uani.

"Basi ni mkono wangu," Adija alisema.

"Mama, si..."

"Ni mkono wangu huu. Alipozidi kuharisha, nilizidi kumimina."

Hakulia. Aliweka kata chini kwa uangalifu, kama chombo cha mtu mwingine. Hija alitaka kusema jambo la kumtuliza, Mwaija akamkatiza kwa kutikisa kichwa.

"Lakini siwezi kumpa chupa yenye najisi," Adija akasema hatimaye. "Hilo siliwezi, mwanangu. Unisamehe."

"Sikwambii umpe."

"Basi nifanye nini?"

Hapo Hija alisita. Alijua vijidudu, habari za tohara alizijua kama kila binti wa pwani anavyozijua, kwa kufanya, si kwa kuulizwa. Aliyejibu alikuwa Adija mwenyewe, akiongea taratibu, akitafuta njia kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Maji ya uvuguvugu tunaoshea maiti, na yanatoharisha. Baridi ikiwa kali tunapasha maji ya kutawadhia, na udhu unaswihi. Maji hayaachi kuwa maji kwa kupata moto, ilimradi hayakuchanganyika na kitu." Aligeukia mtungi. "Nikichemsha mengine. Peke yake, chombo chake mbali, hakuna kilichotumbukizwa ndani. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Nimimine hayo."

"Mara tatu?" Mwaija akauliza.

"Mara tatu."

Hija alivuta pumzi. "Hayo yatafaa, mama. Yatafaa sana. Ila kuni zitakwenda."

"Kuni zitakwenda," Adija alikubali, na ilikuwa kama kwamba amesikia hukumu. Chombo cha pili, moto wa pili, tasbihi ya pili, katika mvua hii ambamo kila ukuni ulitoa povu kabla ya kutoa mwali. Alitazama mafiga yake. Akainuka, akatafuta birika la shaba lililokuwa la mumewe, akaanza kulisugua kwa majivu.

Tangu hapo siku ilipoteza mipaka yake. Birika lilichemka, likawekwa kando. Sufuria ikachemka, ikawekwa kando. Maji ya mchele yakachemka. Kijiko kiliingia mdomoni mwa mtoto, kikatoka, nusu ya kilichomo ikimwagikia shingoni. Mwaija alikwenda kutafuta kuni kavu kwa watu, akarudi na mzigo na maneno. "Nimeambiwa kwenu mnapika halua," alisema. Usiku huo na kutwa ya Ijumaa mtoto aliharisha kama kawaida, na Adija akambadilisha bila kusema. Mara moja alipitiwa na usingizi akiwa amelishika birika, akaamka kwa maji ya moto kumwagikia mguuni, akalijaza tena.

Ijumaa jioni maziwa yakarudishwa, kidogo, mepesi. Chupa ilikuwa imesuuzwa kwa maji ya birika. Msabaha alinyonya kidogo, akaacha, akalala mdomo wazi. Adija alimtazama kwa muda mrefu. Hakuona ishara yoyote. Aliona mtoto mdogo aliyechoka, aliyefanana na yeye.

Jumamosi, Mwaija alipotoka uani kunawa uso, alimkuta Adija ameshamwogesha mtoto, amempaka mafuta ya nazi, amemfunga ndani ya kanga iliyofuliwa. Kikapu cha Mwaija kilikuwa mlangoni, na ndani yake kopo la maziwa limefungwa kitambaa, na chupa.

"Mchukue," Adija alisema.

Mwaija alisimama, maji yakimdondoka kidevuni. "Hukuniambia hivyo juzi."

"Juzi nilikuwa namtaka. Sasa nataka aishi." Alimpokeza. "Mwambie Tabia anapenda kushikwa wima akishakunywa. Akilazwa mapema anacheua."

Huko barabarani lori lilipiga honi. Mwaija alimpakata mtoto, akamweka begani, na mkono wake, mkono wa mwanamke aliyelea watoto saba, ukateremka wenyewe kukagua kitambaa cha chini. Alisimama pale pale.

"Umembadilisha sasa hivi?"

"Alfajiri. Kabla ya sala."

"Na baadaye?"

"Sijambadilisha tena. Nilimfungua nikimwogesha, alikuwa mkavu."

"Ulimfungua ukamwona mkavu, ukamfunga tena ukaniletea kama kifurushi." Mwaija aliketi kizingitini, akamlaza mtoto mapajani, akamfungua. Kitambaa kilikuwa na alama ndogo tu, ya manjano, nzito. Alikinusa bila haya. Akambonyeza utosi. Bado ulikuwa na bonde, lakini si bonde la Alhamisi. Akampa kifundo cha kidole, na Msabaha akakidaka na kukivuta kwa taya zake tupu.

"Ananiuma huyu," alisema Mwaija. "Na meno hana."

Honi ikalia tena. Utingo alikuja mpaka kwenye pembe ya nyumba. "Mama, tunakwenda au hatwendi? Dereva anatukana."

"Mwambie aendelee kutukana njiani. Na akimwona Tabia amwambie nakuja na lori lijalo, maziwa yake asinitunzie."

Utingo akaenda. Adija alikuwa bado amesimama, mikono mitupu mbele yake.

"Usinifikirie vibaya," Mwaija alimwambia. "Akianza tena kuharisha namchukua hata kwa miguu, na sikuagi."

"Ndiyo, wifi."

"Sasa nenda ukalale."

"Chupa..."

"Chupa nimeiona. Nimeitazama mpaka nikaiota. Peke yake, yapoe, yafunikwe, nimimine mara tatu. Au nawe unaniona mimi mchafu?"

"Sikusema."

"Hujasema, lakini umesimama."

Adija aliingia ndani. Alikusudia kukaa tu, kunyoosha mgongo kidogo kabla ya kuni kushika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikia lori likipanda mlima kuelekea bara, likibadilisha gia, likififia. Hakusikia lilipotoweka. Alikuwa ameanguka upande, mguu mmoja bado sakafuni, kanga ya kichwani imemfunika jicho.

Jua likatoka kidogo kati ya mawingu, la kwanza kwa siku nyingi, na uani pakaanza kufuka mvuke. Mwaija alichochea moto, akaweka birika, akaweka sufuria. Msabaha alipolia, kilio kilijaa nyumba yote, chenye hasira na pumzi. Mwaija aligeuka kutazama mlango wa chumba, akingoja. Hakutoka mtu.

Alimwinua mtoto, akamshika wima kama alivyoagizwa, akampigapiga mgongoni huku akitembea naye kando ya moshi.

"Nyamaza, baba," alimwambia. "Bibi yako amelala. Leo utaniona mimi tu na sura yangu hii, nawe uvumilie."